Shimo la Thelathini na Moja

Mtu yule hakupenda gemu. Naanza na hilo kwa sababu wengi wanaomkumbuka hapa Garissa hudhani alikuwa mzee mwenye akili za kitoto, anashinda mbele ya kioo akibonyeza vitufe. Sikumwona akicheza hata mara moja. Alisema gemu ni upuzi, na kwa kuwa herufi p ilimshinda kama inavyowashinda wengi wa lugha yake, alisema "ubuzi", huku uso ameukunja kama aliyeonja dawa ya minyoo. Watoto wake mwenyewe alikuwa amewapiga marufuku kuigusa ile mashine. Nikamwuliza siku moja, basi wewe Fundi unahangaika nayo ya nini? Akanitazama juu ya miwani yake iliyofungwa kwa waya.

"Sista, watoto mzima nafanya ubuzi siku yote," akasema. "Hii yako, kwa nini asifanye?"

Hii yangu, maana yake watoto wa wodi yangu. Nilikuwa muuguzi wa watoto katika hospitali moja ya hapa mjini. Kwetu ni mtoni, nimezaliwa kando ya Tana, kwa hiyo Garissa sikuletwa na barua ya uhamisho kama wenzangu waliokuwa wakihesabu siku za kurudi kwao. Na mimi nina mdomo. Nimegombana na madaktari, nimegombana na madereva, Matroni aliyekuwa mkubwa wetu nilimjibu mbele ya wageni. Anayenijua atashangaa kusikia kwamba siku niliyotakiwa kusema sentensi moja tu nilinyamaza, na nikaendelea kunyamaza miaka miwili. Ndiyo maana namwandika Fundi. Simwandiki kumsifu, ingawa sifa anazo. Namwandika kwa sababu nilimkosea.

Jina lake silitaji. Mjini hakuna aliyemwita kwa jina. Alikuwa Fundi, basi. Kibanda chake kilikuwa nyuma ya soko, bati mbele na makuti nyuma, na ndani redio zimepangwa hadi darini, kila moja na karatasi yenye jina la mwenyewe na ugonjwa wake. Hakuandika "imeharibika". Aliandika "inakohoa", "imepoteza sauti", "inashika Mogadishu tu". Watu walileta redio kutoka mbali, hata wakimbizi wa Dadaab waliopata gari la kuja mjini, kwa sababu nyakati zile habari za nyumbani kwao walizipata humo, na redio ikizima mtu alihisi amefungiwa mlango.

Mashine ya gemu ilimjia bila yeye kuitafuta. Mfanyabiashara mmoja alikuwa ameleta mbili kutoka Nairobi, zile kubwa za kusimama, ndefu kama kabati la nguo, unatia sarafu unacheza. Akafungua chumba karibu na stendi. Baada ya muda wazee wakasema vijana wanakimbia chuo cha Kurani na hii ni kamari, na yule bwana, ambaye hakutaka ugomvi na msikiti, akafunga akarudi zake. Mashine zilikuwa nzito, akaziacha kwa Fundi azifanye apendavyo. Moja aliivunja akatoa vipuri. Ya pili alikuwa karibu kuivunja pale alipopita muuza majani ya chai mmoja, mtu mzima mwenye heshima zake, ambaye mikono yake yote miwili ilinyauka tangu utotoni. Akasimama akaangalia kioo kinavyowaka, akauliza kwa mzaha, na mimi nitacheza na nini, na ndevu?

Fundi aliendelea na bisibisi yake. Hakuwa mtu wa kujibu. Lakini baada ya siku sita alimtuma mtu amwite. Mashine ilikuwa imetolewa kijiti chake cha mkono, na chini, mahali pa miguu, pamefungwa kanyagio la cherehani. Muuza majani alivua kiatu, akacheza mpaka adhuhuri, na akili zake zote zikawa kwenye kisigino. Majani yake siku ile aliyanunua nani sijui.

Gemu yenyewe ilikuwa rahisi kueleza. Kijimtu kinakimbia chenyewe kwenye kioo, mbele yake yanakuja mashimo, nawe kazi yako ni kukirusha kwa wakati. Ukichelewa kinatumbukia. Mashimo yalikuwa arobaini. Anayeyavuka yote hufunguliwa lango, taa zinawaka, kinapigwa kimuziki. Mashine ikizimwa ilisahau kila kitu, kwa hiyo Fundi aliandika rekodi za watu kwa chaki ubavuni mwake: jina la mtu, na shimo alilofika. Hakumwandikia mtu shimo ambalo hakulivuka mwenyewe. Chaki ile ilikuwa na heshima kuliko cheti cha shule, nakwambia.

Hospitalini ililetwa kwa mkokoteni, na mimi ndiye niliyemwomba. Nilikuwa na watoto waliolala miezi, miguu imefungiwa mawe ya kuvuta mfupa, macho yako darini, hawana la kufanya ila kuhesabu mabati. Nilidhani ataiweka, atachomeka waya, ataondoka. Mawazo yangu hayo. Alikuja na kiberiti.

Hapo ndipo nilipoiona namna yake ya kazi, na sijaona nyingine kama hiyo kwa daktari wala kwa mwalimu. Alivuta kigoda akaketi kando ya kitanda kuanzia asubuhi. Nilipoanza kumweleza kwamba mtoto huyu ameungua hapa na pale, hawezi hivi, hawezi vile, alininyoshea kiganja ninyamaze. Alisema ya kutoweza yameandikwa kwenye faili, yeye hakuja kusoma faili. Akaweka kiberiti kitandani, karibu na mtoto lakini si karibu sana, akakunja mikono, akangoja. Hakusema "kichukue". Mtoto hawezi kukiona kitu kigeni kitandani kwake asikitake. Baada ya saa, au baada ya saa tatu, kitu fulani mwilini mwake kitajaribu kukifikia: kiwiko, kidevu, gumba la mguu. Fundi alikiita "ile inayotii". Alisema kila mtu anayo angalau moja. Akishaiona, anainuka anakwenda zake bila kuaga, na kesho yake anarudi na kitu kilichotengenezwa kwa sehemu hiyo hiyo.

Sheria yake kuhusu kile kiberiti ilikuwa moja: ukishakiweka, usikisogeze. Mama mmoja alikisogeza nusu kidole, kwa huruma tu, mtoto wake alikuwa akihangaika. Fundi alikiokota, akakitia mfukoni, akaondoka, na siku mbili hakuonekana. Nilimwona mkatili, nikamwambia hivyo. Akasema yule mama amempotezea siku, kwa sababu sasa hajui mkono wa mtoto unafika wapi. Anajua tu huruma ya mama inafika wapi.

Vifaa vyake vilikuwa takataka zetu. Vifuniko vya madumu vikawa vitufe vikubwa vya kupiga kwa kiwiko, kwa mtoto mmoja aliyeng'atwa na ngamia mikono yote. Makopo ya mafuta ya msaada yakawa masanduku ya swichi. Kwa watoto wa kulala chali alitundika kioo cha kujitazamia juu ya kitanda, kimeinamishwa, waione gemu humo. Lakini kioo hugeuza, kushoto kunakuwa kulia, na kijimtu kilionekana kikikimbia kinyumenyume. Mimi nilisema haidhuru, watazoea. Alinitazama kwa dharau ya wazi kabisa, akafungua mgongo wa mashine, akageuza nyaya mpaka ndani ya kioo kikakimbia sawasawa. Ilimchukua mchana kutwa. Nje ya kioo sasa ikawa kinyume, na wazima waliokuja kuchungulia walichanganyikiwa, jambo lililompendeza sana.

Usidhani alikuwa malaika. Alikuwa na gubu. Watoto wazima waliokaribia mashine aliwatupia ndara, na shabaha alikuwa nayo. Adhana ikiingia alizima swichi hapo hapo, hata kama mtoto yuko shimo la thelathini na machozi yanamlenga. Nilimwambia mzee, si umngoje hata dakika moja, akasema Mungu hangojeshwi na kijimtu. Halafu mtu huyo huyo, siku moja umeme ulipopotea na jenereta ikagoma, alikaa na mtoto aliyekuwa amekatishwa shimo la ishirini na saba, akamsimulia kwa mdomo mashimo yote yaliyobaki, moja baada ya jingine, sasa linakuja, bado, bado, ruka. Na mtoto aliruka kwa kidevu chake kwenye swichi isiyo na umeme. Alipokosea, Fundi akamwambia umetumbukia. Hakumpendelea hata kwenye gemu ya kusimulia.

Hilo la kutopendelea ndilo tulilogombania zaidi. Ndani ya mashine kulikuwa na namna ya kupunguza mwendo, alinionyesha mwenyewe. Nilimwomba apunguze kidogo tu, hawa ni wagonjwa. Akakataa. Alisema yeye anabadilisha mkono, habadilishi gemu. Ukibadilisha gemu, alisema, mtoto atashinda gemu ingine, si ile ya wenzake. Mimi nilimwona mzee mwenye kichwa kigumu. Nilikuwa na cheti cha uuguzi, nilijua huruma ni kitu gani.

Sasa nifike kwa binti wa Griftu, kule Wajir.

Aliletwa mwaka ule kabla ya mvua za El Nino. Alikuwa na miaka kumi na moja. Walikuwa juu ya lori la mbuzi, gurudumu likaingia shimoni, akarushwa, akaanguka kwa shingo. Kuanzia shingoni kushuka chini hakuna kilichosikia. Kichwa kilikuwa kizima na ulimi ulikuwa mkali, alinifurahisha kwa sababu alikuwa na mdomo kama mimi. Alilala kitanda cha saba, cha mwisho, karibu na pazia linalotenga kona yetu ya kufungia vidonda. Fundi alikaa naye siku tatu, kiberiti hakikuguswa. Siku ya tatu alikiweka kwenye mto, karibu na uso. Binti akakipuliza. Kikasogea.

 Fundi aliniomba glavu moja na kipande cha mpira wa dripu. Aliiwamba glavu juu ya kopo la maziwa ya unga kama ngozi ya ngoma, akapitisha mpira ule, na juu ya glavu akaweka kibati. Ukipuliza, glavu inavimba, kibati kinagusa waya, kijimtu kinaruka. Binti alianza kutumbukia shimo la pili. Baada ya wiki, la tisa. Pumzi yake ilikuwa ndogo, ilimbidi aigawe, na nilimsikia akijifundisha hata wakati wa kulala, fu, anangoja, fu. Baada ya miezi miwili ubavuni mwa mashine paliandikwa: Griftu, thelathini na moja. Hakuna mtoto wa wodi aliyefika hapo. Alimwita Fundi "adeer", ndiyo ami, na Fundi alimwita "kichwa ngumu", na hilo kwake lilikuwa busu.

Wakati huo huo nilikuwa nimemtafutia shule. Ilikuwa shule ya bweni ya watoto wenye ulemavu, huko "Kenya", kama tusemavyo watu wa Garissa kana kwamba sisi tuko nchi nyingine. Walikubali kumpokea, nafasi moja, mradi baba yake atie kidole kwenye fomu. Baba alikuwa mchungaji na muuza mifugo, mtu mrefu mpole. Alikuja mara ya kwanza akakataa. Alisema mtoto wake hana mkono wala mguu, huko ugenini atawekwa pembeni kama gunia, bora akae na mama yake. Nilibishana naye mpaka nikakauka koo. Mwishoni alisema neno moja la haki. Atarudi baada ya soko la mifugo, na nimwonyeshe kitu kimoja, kimoja tu, ambacho binti anakifanya mwenyewe bila mtu. Akikiona, atatia kidole.

Kilikuwepo tayari! Kilikuwa kimeandikwa kwa chaki. Shimo la thelathini na moja lingemtosha baba yule na kubaki. Hata shimo la kumi lingemtosha. Lakini mimi nilikuwa nimeuona muziki ule na taa zile kichwani mwangu, nilitaka arobaini.

Siku ile alikuja na shemeji zake wawili, wamevaa nguo safi, wakasimama kando ya kitanda. Fundi alikuwa pale na kigoda chake. Wodi nzima ilitazama. Binti alipuliza, akatumbukia shimo la sita. Akaanza tena, la sita tena. Pumzi zilimwisha kwa hofu. Nikamwona baba mtu anaangalia chini, nikaona fomu inapotea, nikaona gunia pembeni. Fundi alimwambia kwa Kisomali, polepole, kichwa ngumu, una siku nzima. Hakuwa na haraka hata kidogo. Mimi nilikuwa nayo.

Mgongo wa mashine uliangalia pazia letu. Una kijilango kilichofungwa kwa kamba, na ndani Fundi alikuwa na kitufe chake cha majaribio, unakibonyeza kijimtu kinaruka bila glavu wala mpira. Nilikuwa nimemwona akikitumia mara nyingi. Nikachukua trei ya bandeji kama mtu anayekwenda kazini, nikaingia nyuma ya pazia, nikafungua kamba. Kwenye upenyo wa pazia nilikiona kile kioo cha juu, na ndani yake gemu yote. Uso wa binti sikuuona. Nilijiambia nitamsaidia mashimo mawili matatu, apate moyo.

Nilimvusha la sita. Nilimvusha la saba. Kidole kikanoga. Kila shimo lililokuja nilibonyeza, wodi ikaanza kuhesabu kwa sauti, akina mama wakapiga makofi, ishirini, thelathini, thelathini na moja, na mimi nyuma ya pazia machozi yananitoka kwa furaha, mjinga mimi. Arobaini. Lango likafunguka, taa, muziki. Gemu ikaanza upya kutoka shimo la kwanza, nami nikaendelea kubonyeza.

Yaliyotokea kitandani nilisimuliwa na mama wa kitanda cha sita. Binti alikuwa ameshituka tangu shimo la kumi. Karibu na mwisho aliizuia pumzi makusudi, na kijimtu kikaruka. Watu waliposhangilia alimwita baba yake ainame. Akamwambia kwa sauti ndogo:

"Aabbe, aniga ma ahayn."

Baba, si mimi. Akamwomba auvute ule mpira mdomoni mwake. Baba akauvuta. Wodi nzima ikatazama mpira uko mkononi mwa baba, mdomo wa binti umefungwa, na kwenye kioo kijimtu kinaruka, kinaruka, kinaruka.

Mimi nilisikia tu kelele zimekatika kwa mpigo mmoja. Nilifunga kijilango, nikakaza kamba, nikatoka upande wa pili na trei yangu. Nilipotokea mlangoni mwa wodi Fundi alikuwa amekwenda nyuma ya pazia, na alikaa huko muda ambao sitausahau. Alipotoka, baba mtu alikuwa anamngoja. Hakupaza sauti.

"Fundi," alisema kwa Kiswahili ili wote wasikie, "umenicheza mimi na mtoto yangu mbele ya watu."

Nilikuwa hatua saba kutoka kwao. Trei mkononi. Mdomo wangu huu, unaojibu madaktari.

"Makosa ni ya mashine," Fundi akasema. "Mashine ni yangu."

Baba aliondoka na binti yake asubuhi iliyofuata. Binti alipopitishwa kwa machela aliniangalia, akaniuliza kama nimelala vizuri, kwa adabu kabisa, nami nikasema alhamdulillahi. Fomu ilibaki mezani kwangu bila kidole. Matroni aliamuru ile mashine ya uongo iondolewe, na mimi ndiye niliyemshikia Fundi upande wa pili kuipandisha kwenye mkokoteni. Tuliinua pamoja. Hakunitazama, nami sikumtazama.

Mji mdogo hausahau jambo la kuchekesha. Wakasema Fundi ni mtu wa viini macho. Wengine walisema basi hata redio zetu huenda hazikuharibika, anatuchezea tu. Walianza kumpelekea fundi mpya wa stendi. Mvua za El Nino zikaja, barabara ikakatika, mji ukawa kisiwa, na kila mtu alihitaji redio kujua mafuriko yamefika wapi, lakini nilipopita nyuma ya soko niliona rafu zake ziko wazi. Nikabadilisha njia. Nilikuwa nikizunguka hadi upande wa mtoni kwenda kununua nyama, mimi niliyezaliwa hapa, kama mwizi. Kila wiki nilisema wiki ijayo nitakwenda kwake. Ramadhani mbili zilipita nikifunga na kufungua na jambo hilo tumboni.

Halafu akaletwa. Kiharusi kilimkamata akiwa anatia udhu, upande wa kulia wote, mkono wa kazi. Nilisikia yuko wodi ya wanaume. Nilivua kofia ya uuguzi nikaenda nikiwa na buibui langu tu, maana nilitaka kwenda kama mtu. Mdomo wake ulikuwa umepinda upande, lakini maneno yalitoka, mojamoja. Niliketi kwenye kigoda. Nikamwambia yote, kitufe, pazia, trei. Nililia pia, sikujizuia.

"Najua," akasema.

Nikafuta uso kwa ncha ya buibui.

"Kamba. Mimi nafunga mara tatu, nakunja. Siku ile nakuta fundo ya bandeji." Akavuta pumzi. "Ile inalala kwa ngozi. Haiumizi mgonjwa."

Nilikuwa nimefunga kwa mkono wangu ulivyozoea. Maelfu ya bandeji nimefunga hivyo. Alikuwa ameshika fundo langu mkononi kule nyuma ya pazia, akajua, kisha akatoka akasema mashine ni yangu. Nikamwuliza kwa nini, kwa nini hukunitaja, Fundi? 

"Watu wakisema fundi ni muongo," alisema, "nabeleka redio kwa fundi ingine. Wakisema sista ni muongo, nani ataleta mtoto kwa sindano?"

 Baadaye aliniambia jambo la mwisho kuhusu habari ile, nalo lilikuwa amri: niende Griftu nikamwambie baba. Nisiende kumtetea yeye. Niende kwa sababu kuna baba anayeamini binti yake hakupuliza hata mara moja.

Nilikwenda. Basi hadi Wajir, kisha lori. Baba alinikaribisha chai ya maziwa, akanisikiliza bila kunikatiza, na binti amelala kivulini kwenye mkeka, ana miaka kumi na tatu sasa, amerefuka. Nilipomaliza, baba aliuliza swali moja. Miaka miwili nilikuwa wapi. Kisha akaomba ile fomu, ambayo nilikuwa nimekwenda nayo, akatia kidole kwenye wino akakandamiza. Nilikuwa nimeshamwambia kwamba shule imeniandikia: nafasi ilikwenda kwa mwingine, na wa umri wake hawaanzi tena. Alitia kidole hata hivyo. Fomu ninayo nyumbani, kwenye sanduku, pamoja na vyeti vyangu.

Binti hakunitukana, na ningependa angenitukana. Aliuliza tu kama mashine bado iko. Nikasema iko kibandani, imefunikwa turubai.

"Mwambie adeer asifute thelathini na moja," akasema. "Ile ni yangu."

Nilirudi Garissa nikaenda moja kwa moja wodini, vumbi la njia bado liko kwangu. Nilimkuta Fundi ameegemezwa mito, peke yake. Nikampa ujumbe wake kama nilivyopewa. Alisikiliza akiangalia dari, na ule upande wa uso uliobaki wake ukasogea. Akasema hakuifuta. Hata siku mashine iliponyeshewa wakati wa mafuriko aliifunika ubavu ule kwanza. Halafu akaniuliza kama nina kiberiti.

Nilikitoa kwa muuguzi wa zamu, nikakiweka kitandani upande wake wa kulia, mbali kidogo na ule mkono uliokufa. Tukangoja. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso. Baada ya muda mrefu kidole cha mwisho, kile kidogo, kikajivuta kwenye shuka, upana wa punje ya mtama, kikasimama. Kikajaribu tena, kikashindwa. Nikamtazama mzee yule, nami kabla sijajijua mkono wangu ulikuwa umeshatoka, nimekisogeza kiberiti nusu kidole.

Hakunikemea. Aliuleta mkono wa kushoto kutoka upande wa pili, polepole, ukivuka kifua chake, akakisukuma kiberiti mpaka pale kilipokuwa. Kisha akaurudisha mkono wake, akangoja nimalize kulia. Nikaikalia mikono yangu yote miwili juu ya kile kigoda, na tukaanza upya.